Ati Mama Asipande Gari ya Mkwe Wake Kuja Tanga

Shirere, Kakamega
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Hamida,

Assalam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu hii barua ikukute mzima, wewe na shemeji Mbwana na watoto wako wawili, na huyo wa tatu mwenye bado ako ndani anacheza mpira. Hiyo tumbo iko aje? Miguu bado inafura jioni? Usikae ikining'inia, weka juu ya stuli. Na ndoo wacha kubeba, Mbwana ako na mikono miwili, sijasikia ikikatwa.

Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi. Mvua inanyesha kila saa tisa kama imeandikwa kazi. Wanafunzi wa hapa Shirere wanamaliza chapati zangu kama nzige, saa mbili asubuhi nimebaki na karai tupu. Watoto wamefunga shule, wanakula, wanalala, wanauliza bahari iko na chumvi ya nani. Usman ni mzima, goti tu ndiyo inamlilia akikaa sana. Mama pia mwili ni mzima. Macho ndiyo nitakuambia.

Utauliza kwa nini nimeandika barua na simu iko. Simu iko, lakini lile kundi letu la familia, kaka yetu Ismail ndiye mkubwa wake, anasoma yote na yenye hapendi anafuta. Nikikupigia, salio inakata kabla sijafika kwa utamu. Sasa Lusweti, huyu jirani wetu wa lori, anatoka kesho kutwa kuja huko Tanga kubeba simiti. Nimemwambia akupatie mkononi mwako wewe mwenyewe. Ukikuta bahasha imefunguliwa usishangae, huyo mtu anapenda maneno kuliko mimi.

Na usicheke mwandiko. Naandika na hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Hamida, nimekasirika. Nimekasirika kutoka mwezi jana mpaka chapati zinatoka ngumu, mwanafunzi mmoja ameniuliza kama ni za kukaanga ama za kutandika. Wewe umesikia ya Ismail peke yake kwa simu. Juzi ameandika ati, "Mimi kama mkubwa wa nyumba nimefungua njia, Mama atasafiri." Nimesoma hiyo nikataka kurusha simu kwa mafuta. Sasa wacha nikuambie vile ilikuwa, usije ukamwinamia kumshukuru.

Hii safari tumeipanga tangu Ramadhani, siku ile Usman alileta hii gari yetu, Noah, nyumbani. Alisema mwaka huu watoto wataona bahari na watamwona shangazi... ngoja, mama mdogo. Watu wa hapa wakisema bahari wanasemanga Mombasa. Mimi nikasema, dada yangu anaishi Sahare, Tanga, anapiga makofi samaki wanasikia, niende kulala kwa kitanda ya mgeni Mombasa kwani mimi ni yatima? Tutapita Namanga, tutoke nje ya nchi na gari yetu wenyewe kama watu wenye wako na kwao.

Kuna kijana hapa mjini, Weldon, kazi yake ni kupangia watu matembezi. Nilienda tu kumuuliza mambo ya mpaka. Akaniangalia leso, akaangalia viatu, akasema, "Mama, hiyo njia hamuwezi peke yenu. Mtapotea, bora mpande basi letu." Nikamwambia kijana, Lusweti na lori yake ya kukohoa hajapotea miaka kumi na moja, nitapotea mimi na huu mdomo? Mimi naulizanga njia hata nikiijua!

Na tumepanga wenyewe. Bima ya gari ya kuvuka mpaka iko. Kitabu ya gari iko na jina la Usman, Lusweti alisema ingekuwa jina la mtu mwingine tungebeba barua yake pia. Vitambulisho viko, vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko, nimeviweka kwa karatasi ya nailoni ndani ya Kurani yangu. Sindano ya homa ya manjano tumedungwa wote, Beverly wa Ismail akalia kama mtoto. Mama hakudungwa kwa sababu ya umri, daktari akamwandikia barua ya kuonyesha huko mpakani. Unaona? Mpaka barua ya Mama ilikuwa tayari! Ndiyo maana nilisema hasira.

Noah iko na viti nane. Mimi na Usman na watoto wetu watatu, hiyo ni tano. Ismail na bibi yake Beverly, saba. Mama, nane. Hakuna hesabu ngumu hapo, hata mimi wa darasa la sita nilipata.

Sasa tarehe ishirini na tano mwezi wa kumi Ismail akaita mkutano nyumbani Matungu. Tukaketi sebuleni. Mama alikuwa jikoni, si unajua Usman akiwa sebuleni Mama hawezi ingia. Wewe umekaa huko watu wanakumbatiana na mama wakwe, labda umesahau. Huku Mama na Usman miaka kumi na tisa hawajawahi shikana mkono. Kumbuka ile siku walikutana ghafla Mumias sokoni, Mama akaruka ndani ya kinyozi, akakaa kwa kiti ya kunyolewa mpaka Usman akapita, na kinyozi tayari ameshamfunga kitambaa shingoni.

Basi Ismail akatoa karatasi, akasoma nani atakaa wapi. Akafika mwisho, Mama hayuko. Nikasema, "Umeruka mtu." Akasema hajaruka. Akasema, "Mama mkwe kukaa gari moja na mkwe siku mbili, tatu? Akisinzia mdomo wazi na mkwe anamwona kwa kioo? Wakisimama njiani kwenda haja, nani atatangulia kwa kichaka? Halafu afike Tanga alale kwa nyumba ya mkwe mwingine! Huo ni mwiko umebeba mwiko mgongoni. Mama atabaki aangalie ng'ombe."

Hamida, Mama anasikia! Ukuta wa jikoni unaujua, ni wa matope, hata chafya inapita. Hukumu yake inakatwa na hawezi kuja kujitetea kwa sababu mwiko wenyewe umemfungia huko. Nilisikia sufuria inasuguliwa mpaka nikaogopa itatoboka.

Na Usman wangu, mtu mzima na ndevu, alikuwa anaangalia viatu vyake. Tulirudi Shirere kimya, na mimi kunyamaza kutoka Matungu mpaka Shirere si kitu kidogo. Watoto walifikiri ni mgonjwa.

Sasa mambo ya macho. Sikutaka kukushtua na hali yako, lakini utafika kuyaona mwenyewe. Ile presha ya macho daktari alisema jicho la kushoto imeenda kabisa. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anachungulia kwa tundu la kufuli. Dawa anatia, inazuia kidogo, hairudishi. Daktari hakuficha. Alisema mwaka ujao sijui. Unajua Mama aliuliza nini? Hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Mpaka Desemba itangoja?" Daktari akauliza Desemba kuna nini. Mama akamwambia kuna mtoto wangu anaishi mbali na watoto wawili sijawahi kuwaona, na huyo mtoto sasa hawezi kuja, ako mzito.

Ndiyo hiyo. Ismail alikuwa anajua hiyo maneno, ndiye alimpeleka siku hiyo! Alisikia na masikio yake, akaenda nyumbani, akaandika karatasi bila Mama.

Usman alikaa siku nne akifikiria. Siku ya tano akaniambia, "Swaumu, leta lile pazia la zamani la chumba." Akalitundika ndani ya Noah, kutoka dirisha hii mpaka hii, nyuma ya viti vya katikati. Mama akae nyuma ya pazia, mkwe akae mbele, haya zao zikae katikati. Nikamwambia na kioo je, kile cha ndani cha dereva? Akavua soksi yake, akaivalisha kioo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini moyoni nilisema, huyu mtu ananipenda mimi na watu wangu. Si kila mwanaume atavulia mama mkwe soksi.

Ijumaa ya tarehe saba Mama alikuwa na siku yake ya macho hapa mjini, tukasema tujaribu. Tukamchukua Matungu. Usman akasimama nyuma ya mti kwanza, mimi nikampandisha Mama, nikafunga pazia, ndiyo Usman akaja akapanda. Tukaenda vizuri. Mama huko nyuma anaongea na mimi, mimi naambia Usman, "Mama anasema punguza mwendo," na Usman ananiambia, "Mwambie Mama nimesikia." Kumbe mbele kuna kizuizi cha polisi.

Askari akaona pazia. Akauliza, "Huko nyuma mmebeba nini?" Usman kwa haya zake akajibu polepole, "Ni mama mkwe." Askari akacheka. "Miaka kumi na tano niko hii barabara, sukari ya magendo nimeisikia ikiitwa simiti, ikiitwa mbolea. Mama mkwe hii ni mpya." Akafungua mlango, akavuta pazia fyaa!

Mama huyo, amekaa wima na leso yake ya kijani. Akamwambia, "Kijana, hapo umevuta pazia, nyumbani kwenu umesalimia leo?" Askari mkono ukabaki hewani. Akarudisha pazia polepole kama mtu anafunga mlango wa msikiti. Akamwambia Usman kwa sauti ya chini, "Pole mzee, hata mimi niko naye mmoja. Lakini hiyo soksi utoe, utaua watu."

Usman akatoa. Tukapita kona, akarudisha! Nilimwambia, Usman, soksi. Akasema, "Nikimwona Mama kwa kioo mkono utatetemeka, ndiyo tutaua watu."

Jioni tukamrudisha Mama Matungu. Amefika salama, ameshuka, ameingia ndani. Usman sasa anageuza gari hapo uwanjani, anarudi nyuma na kioo imevaa soksi. Nikasikia kwacha! Amelalia pikipiki ya Ismail, na tundu la kuku juu yake. Kuku wakatoka wakipiga kelele kama wako kwa matanga.

Wee, Ismail! Alitoka mbio akasimama juu ya hiyo pikipiki, mikono juu kama ameshinda kura. "Mmeona? Mwiko umejibu! Na hapo ni Matungu tu, je mkifika milima ya Tanzania?" Nikamwambia, Ismail, mwiko haujajibu kitu, soksi ndiyo imejibu. Hakunisikia. Akaenda boma hadi boma kuhadithia, mpaka watu wa msikitini Ijumaa nyingine wakamuuliza Usman kama gari ilijiendesha yenyewe.

Hapo nilikuwa karibu kuchoka. Nilisema labda ni mapenzi ya Mungu. Halafu Mungu akanipeleka Khayega.

Nilienda kununua maharagwe. Nikapata Awinja, huyo dada yake Beverly, anajaribu viatu, sandozi za plastiki, zile za maua. Akaniona akafurahi, akanirukia. "Dada Swaumu! Huko Tanga tunavaa nini jioni, kuna baridi?" Nikamuuliza, sisi nani tunavaa? Akasema, "Kwani Beverly hakukuambia? Nimepewa kiti ya mama yenu, si yeye haendi." Nikauliza, ati alipewa lini? "Mwezi wa tisa."

Mwezi wa tisa, Hamida! Mkutano ulikuwa mwezi wa kumi! Kiti ya Mama ilikuwa imeshapewa watu kabla mwiko haujatajwa! Nilishika gunia la maharagwe nisianguke. Awinja simlaumu, ni mtoto wa watu, ameambiwa njoo amekuja. Lakini Beverly! Amenunua kofia kubwa kama ungo wa kupepeta mchele, amepanga kukaa mbele na dada yake nyuma wanakula njugu njia yote, na mama mzaa bwana abaki na ng'ombe. Na ndugu yetu kwa kumwogopa bibi yake akaenda kuchimbua mila ya wazee afunike nayo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Matungu na Usman saa mbili asubuhi, hata chapati sikupika. Ismail alikuwa amemwalika Ustadhi Jamal wa msikitini pale, alidhani atamuunga mkono. Tukaketi. Mama jikoni kama kawaida. Ustadhi akasikiza yote, akasema kwa dini mama mkwe ni kama mama mzazi, mkwe anaweza safiri naye, hata kumshika mkono avuke barabara. Ismail akasema, "Hiyo ni dini Ustadhi. Hapa tunaongea mila."

Ati mila! Siku ya Idi akichukua mguu mzima wa mbuzi ni mtu wa dini. Mama akitaka kiti amekuwa mtu wa mila.

Nikasimama. Nikasema, "Sawa Ismail, tuongee mila. Nani alibeba mama yake Beverly na pikipiki kutoka Khayega sokoni, mama wa watu amemshika kiuno, na mimi nimesimama kwa duka la nguo nikiwaangalia?"

Beverly akaanza kukunja leso.

Ismail akasema, "Hiyo ilikuwa mvua."

"Na mwiko unaogopa mvua?"

"Swaumu, wewe mdomo wako..."

"Wacha mdomo wangu, jibu kiuno."

Ustadhi alifunika uso na kofia yake, alikuwa anacheka mabega yanaruka. Nikaendelea, nikamuuliza Ismail, huyo Awinja alipewa kiti ya nani mwezi wa tisa? Ismail akamgeukia Beverly, Beverly akageukia dirisha. Unafikiri aliomba msamaha? Alisema, "Mimi ndiye mkubwa. Kama mnataka mwiko ufunguliwe, ni mimi natakiwa kusimama na sahani, na sisimami." Akatoka.

Hapo ndipo uchungu ulikuwa. Wewe ulikuwa mdogo labda hukuona, lakini wazee walikuwanga na njia yao. Mkwe na mama mkwe wakizeeka, wanapikiwa jogoo, wanakula sahani moja mbele ya watu, na kutoka hiyo siku yeye ni mtoto tu wa nyumba. Kijana wa kwanza ndiye anashika sahani katikati yao. Marehemu Papa yuko wapi atuamulie? Ismail alijua bila yeye hatufanyi kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yake.

Nilirudi nyumbani nikalia kwa unga.

Alhamisi hii imepita, saa nne, Patroba wa bodaboda akasimama kwa karai yangu. Akasema ametumwa na Mama kutoka Matungu: njoo leo, na Usman asibaki. Nikafikiri ni macho. Nikazima jiko, tukaenda tukikimbia.

Tukakuta Ustadhi Jamal anaosha kisu. Jogoo yule mwekundu wa Mama ameshachinjwa, obusuma, ugali yetu, iko mezani inatoa moshi. Ismail amesimama mlangoni, mikono kifuani. Usman kwa mazoea akataka kukimbilia nyuma ya mti. Mama akatoka jikoni.

Alitoka, Hamida, akaingia sebuleni, na Usman yuko pale! Mikono miwili imeshika sahani, yeye mwenyewe. Alikuwa anatembea akigusa na mguu kwanza, unajua hiyo njia haioni vizuri. Akaketi, akaweka sahani magotini, nusu kwake, nusu kwa kiti tupu hapo kando. Akasema, "Usman."

Miaka kumi na tisa hajawahi kutaja hilo jina. Anasemanga "yule wa Shirere" ama "baba ya watoto." Usman, mtu wa kilo mia na kitu, akaja polepole kama mtoto. Akaketi. Nikawamwagia maji kwa beseni moja. Mama akamega, Usman akamega, lakini mkono ukasimama karibu na mdomo, hawezi.

Mama akamwambia, "Kula mwanangu. Mimi haya siogopi tena. Naogopa giza."

Usman akala. Machozi yanashuka kwa ndevu na anatafuna. Ustadhi akasema alhamdulillahi. Mimi nilikuwa naangalia dari.

Na haikuisha. Mama akapapasa kwa mchuzi akatoa firigisi, akaweka upande wa Usman. Ismail huko mlangoni akashindwa kunyamaza, akasema, "Mama, hiyo ni ya mtoto wa kwanza." Mama hakugeuza hata shingo. "Ni ya mwenye angesimama na sahani. Wewe ulisema husimami."

Kutafuna firigisi huku shemeji amesimama anaangalia si kazi rahisi, lakini Usman aliitafuna yote.

Sasa umejua ni nani alifungua njia. Usiku huo ndiyo Ismail akaandika ile kitu yake kwa kundi. Na bado anakuja na Beverly, sikuweza kuwakataa, ni damu. Lakini wanakaa nyuma kabisa, kule kunaruka. Mama anakaa mbele na Usman. Pazia nimelirudisha chumbani, soksi nimefua. Awinja nimemwahidi Pasaka, alilia na sandozi zake mkononi.

Bado hasira yangu haijapoa vizuri. Nikikumbuka mwezi wa tisa inachemka tena. Nisaidie, ukimwona Ismail msalimie, lakini chai umpe ya mwisho.

Sasa yako wewe na Mbwana. Mama amekubali kulala kwako, lakini Mbwana pia ni mkwe, na Mama amesema hatapita mlango wa chumba kabla hawajakula sahani moja. Alitaka kubeba jogoo wa pili hai kutoka hapa, Lusweti akasema mpakani watamzuia bila karatasi zake. Basi Mbwana atafute jogoo huko, wa kienyeji, mwenye amekimbia. Nazi mtie kidogo. Najua mko na samaki na Mbwana atataka kujionyesha, lakini siku ya kwanza hapana samaki. Bahari ingoje, kwanza jogoo. Na umfundishe, asimkumbatie Mama pale mlangoni vile nyinyi mnafanyanga, ataanguka na mshtuko. Ale kwanza, ndiyo akumbatie.

Tunatoka Jumamosi tarehe kumi na tatu Desemba baada ya swala ya alfajiri. Usiku wa kwanza Namanga. Usman alitaka siku ya pili aunganishe mpaka kwako tufike saa tatu usiku, goti lipumzike mara moja. Mama akakataa. Amesema tulale Korogwe, tuingie Tanga asubuhi Jumatatu. Ismail akauliza haja ya kulala njiani ni ya nini, Mama akamwambia usiku yeye haoni kitu, na hajapanda gari siku tatu aje ashikeshike watu usoni kama kipofu.

Nisalimie Mbwana sana, mwambie hana kosa ni mila tu. Salimia watoto, waambie kukhu, nyanya yao, anakuja na njugu za kuchemsha. Salimia yule jirani yako mwenye alituma kanga, na mama mkwe wako, yeye kumkumbatia ni ruhusa. Usman anakusalimia, na Mama anakuombea kila swala, anataja na huyo wa tumboni. Mungu akujalie uzae salama, akufungulie kwa wepesi, na akulinde na ndugu wenye wanapanga viti.

Jumatatu hiyo tutapiga honi tukiwa barabarani. Ukisikia, usingoje ndani, na usifunike kichwa mpaka usoni. Toka nje na watoto, msimame kwa jua, mkae karibu karibu, mnyamaze tu. Jicho lake linachukua mtu mmoja mmoja. Mngojee amalize.

Ni mimi dada yako, nakupenda mpaka kelele zinanishinda,

Swaumu